Gemu limeharibika, au mimi ndiye nimezeeka?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma, nina miaka 34. Winning Eleven, lile gemu la mpira, nilijifunzia kwenye banda la gemu Majengo nikiwa darasa la tano. PES 6, toleo lake mojawapo, ndiyo niliyoimaliza kabisa; kwenye Master League, ile sehemu ya kuongoza timu yako msimu hadi msimu, nilifika msimu wa tisa na memori kadi yake ninayo mpaka leo. Nilipooa nikaacha. Mwaka huu nimenunua PS4 iliyotumika, nikashusha eFootball, jina jipya la gemu lilelile, na kusema kweli sikulitambua. Wachezaji wazito, Master League hakuna, kila ukifungua unakaribishwa na kadi za wachezaji za kununua, na mpwa wangu wa kidato cha pili ananifunga tano huku anachati. Anasema mimi nacheza kizee. Je, gemu limeharibiwa au mimi nimezeeka? Niuze PS4 nirudi kwenye PS2, ninunue lile gemu la mpira la kampuni ya EA, au niachane nayo? Naomba ukweli."

Marahaba, mdogo wangu. Swali hili huletwa sana kwenye meza yangu ya ufundi. Wengine huliuliza kwa hasira. Wewe umeliuliza kwa unyonge kidogo, ndiyo maana najibu kwa kirefu. Nadhani kinachokusumbua zaidi ya kufungwa tano ni wasiwasi kwamba labda hata lile gemu la Majengo halikuwa tamu kama unavyokumbuka. Lilikuwa tamu. Mpwa wako hajapatia. Ila na wewe hujapatia yote.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Watu hudhani mfululizo wa gemu ni kama daladala moja inayopakwa rangi upya kila mwaka. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa International Superstar Soccer kwenye mashine ya Super Famicom mwaka 1994, kazi ya timu yake ya Osaka. Mwaka uliofuata timu nyingine, ya Tokyo, ikatoa Winning Eleven ya kwanza kwenye PlayStation. Hiyo ya Tokyo ndiyo babu wa gemu lako. Ulaya iliuzwa kwa jina la ISS Pro, na kuanzia 2001 ikaitwa Pro Evolution Soccer, yaani PES, huku Japani ikibaki Winning Eleven. Ndiyo maana pale Majengo, ambako mimi nami nilikuwa na banda, tulikuwa na CD mbili zenye uchezaji uleule: moja mtangazaji Mwingereza, nyingine Mjapani anayepayuka tusielewe neno, na bado watoto wa Majengo walikuwa wanampayukia pamoja. Jina likaja kuachwa kabisa mwaka 2021 na kuwa eFootball. Kwa hiyo hata kabla hujaacha kucheza, ulichokiita gemu moja kilikuwa tayari na majina matatu.

Chini ya jina kuna injini, yaani ile programu ya msingi inayoamua mpira unadundaje, mchezaji anageukaje, kipa anaruka lini. Injini ikibadilika, umepewa gemu jipya hata kama jezi ni zilezile. PES 6 ya mwaka 2006 ilikuwa mwili uliokomazwa kwenye PS2 kwa miaka kadhaa, kila toleo likirekebisha kidogo tu. Ule mwili wa PS2 ulivutwa mpaka PES 2014. Lakini mwaka huohuo, kwenye mashine kubwa, Konami walihamia Fox Engine, injini iliyotengenezwa na kundi lililokuwa linaunda gemu la Metal Gear. Kisha wakaiacha nayo, wakahamia Unreal Engine, na hapo ndipo eFootball ikatoka tarehe 30 Septemba 2021. Ilitoka mbichi. Nyuso za wachezaji zilikuwa vituko, picha zake zikazunguka dunia nzima, na Konami wenyewe wakaomba radhi. Toleo walilolihesabu kuwa 1.0 lilikuja Aprili 2022. Wewe umeondoka kwenye mwili wa kwanza na kurudi kwenye wa tatu. Wa kati hukuuona kabisa. Nani angelitambua?

Sasa ule uzito unaousema, maana si wa kufikirika, na hapa nataka tukae kidogo.

Kwenye PES 6 mchezaji aligeuka kwenye pande 8 tu. Ukikimbia kwa kitufe cha R1 kisha ukabonyeza upande mwingine, anakata palepale, kama kijiti kilichozungushwa. Mwili wa kweli hauwezi hivyo: mguu lazima utue chini, goti likunjwe, kiuno kifuate. Watengenezaji wa zamani waliruhusu kitendo kimoja kikatizwe katikati ili kidole chako kisisubiri. Picha ilidanganya kidogo, kidole kikatii. Wa sasa wamechagua kinyume: mguu utue kwanza, ndipo mwili ugeuke. Macho yanafurahi, kidole kinasubiri. Fungua uwanja wa mazoezi wa eFootball, kimbia moja kwa moja, kisha geuka ghafla kurudi ulikotoka. Angalia miguu badala ya mpira. Utaona hatua mbili au tatu fupi kabla ya kugeuka. Hizo hatua ndizo unazoziita uzito. Mpwa wako hazimsumbui kwa sababu yeye huanza kugeuka kabla hajahitaji kugeuka. Amekulia humo.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalijui, nalo liko sebuleni kwako. Bandani tulichezea TV za chogo. Chogo ilionyesha picha papohapo inapoingia. TV bapa hupokea picha, huipiga pasi kwanza, inaongeza ung'avu, inalainisha mwendo, ndipo inakuonyesha, na huo muda mdogo unatosha kipa wako achelewe. Mwezi uliopita kijana alikuja na pedi yake amekunja uso, anasema inachelewa, nimuuzie nyingine. Pedi ilikuwa nzima. Nikamwambia akaingie kwenye mipangilio ya picha ya TV yake, atafute palipoandikwa Game, au Game Mode, awashe. Jioni akanipigia simu anacheka. Fanya hivyo leo kabla hujauza chochote. Na ukicheza na mtu wa mbali kwa mtandao, ongeza kuchelewa kwa bando juu yake. Mechi ya mtandaoni usiitumie kupima gemu wala kujipima mwenyewe.

Je, umezeeka? Kidogo, ndiyo, nisikufiche. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichapisha uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa StarCraft II, gemu la vita linalotaka haraka sana, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Waliona kasi ya kuona na kutenda ikianza kushuka karibu na miaka 24. Lakini waliona pia kwamba wakubwa walifidia kwa akili: walitumia njia nyepesi zaidi na mibonyezo ya mkato iliyowaokoa wasihangaike. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha pili kukupita kwa kasi ni jambo la kawaida, na kufungwa tano ni kwa sababu ya mwili mpya usioujua. Ukitaka uhakika, mkalishe kwenye PES 6. Mpe Inter yenye Adriano, wewe chukua timu yoyote. Atakimbia kama kuku aliyefunguliwa kamba, na pasi zake za kupenyeza zitaishia kwa kipa wako.

Kuna pia suala la majina ya timu, ambalo hukulitaja lakini wengi hulilalamikia. Hapa wengi husema Konami ni wavivu, na si kweli. Jina la klabu, nembo, jezi na uwanja ni mali, na mali hukodishwa kwa mkataba. Asiye na mkataba hubuni: ndiyo maana tulicheza na Merseyside Red tukijua ni Liverpool, na London FC tukijua ni Chelsea. Nilikuwa na kijana bandani kwangu, kazi yake Jumapili asubuhi ilikuwa kukaa na pedi anabadilisha majina, herufi moja moja, mpaka wateja wanaingia. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya Konami waliikodi kwa miaka kumi kuanzia 2008. Mwaka 2018 mkataba ukaisha, ikahamia kwa EA. Nao EA wakanyang'anywa Juventus, wakalazimika kuiita Piemonte Calcio kwenye FIFA 20. Kubwa kuliko yote ni jina la FIFA lenyewe. EA walilitumia tangu 1993, wakashindwana na wenye jina, yaani shirikisho la soka la dunia, FIFA 23 ikawa ya mwisho, na Septemba 2023 gemu lilelile likatoka linaitwa EA Sports FC 24. Kuna watu mjini hapa wananiambia FIFA imekufa. Haijafa, imebadili kitambulisho. Na la kuchekesha, Oktoba 2024 FIFA wakatangaza ushirikiano na Konami kwa ajili ya mashindano ya gemu. Mahasimu walibadilishana wachumba.

Tuje kwenye kadi, ambazo ndizo zinaniudhi mimi binafsi. Zamani gemu liliuzwa mara moja, kama sufuria. Ukishalipa, mwenye duka hana shida na wewe, hivyo aliyelitengeneza alihangaika uone thamani siku ya kwanza na msimu wa tisa. (Hapa kwetu hata mara hiyo moja hatukulipa. PS2 zilikuwa zimechipiwa, yaani zimefunguliwa zisome CD za kunakili, na CD ni za kuchoma, kwa hiyo tunapodai Konami wametusaliti sisi wateja wao wa muda mrefu, inabidi tuseme kwa sauti ya chini.) eFootball unalishusha bure, na gharama yake hulipwa na wale wanaonunua sarafu za kufungulia kadi za wachezaji. EA walianza mapema zaidi: Ultimate Team, sehemu yao ya kadi, iliingia kwenye FIFA 09 mwezi Machi 2009, na leo ndiyo moyo wa biashara. Unalipa, unafungua pakiti, hujui atatoka nani. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kuwa mtindo huo ni kamari chini ya sheria zake, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo.

Ukielewa hilo, utaelewa Master League ilikwenda wapi. Mtu anayecheza peke yake usiku na akina Castolo, Minanda na Ximelez, wachezaji ambao hawajawahi kuzaliwa, akiwauza taratibu na kukuza timu miaka tisa, hanunui chochote. Anafurahi bila kutoa senti. Kwa mwenye gemu la bure huyo ni abiria anayening'inia mlangoni. eFootball ilipotoka, Master League haikuwemo, na kilichojengwa kwanza ni kile kinacholeta hela kila wiki. Sikubaliani na wanaosema watengenezaji hawajui tena mpira. Wanaujua. Wamebadilishiwa anayewalipa.

Kubadilika kwenyewe si dhambi. God of War ya zamani, gemu la mapigano, ilionekana kwa kamera ya mbali; mwaka 2018 kamera ikasogezwa begani kwa Kratos, shujaa wake, na waliolalamika wiki ya kwanza wengi wao walimaliza gemu lote. Tofauti ni kwamba kule walibadilisha ili kusimulia hadithi vizuri zaidi. Kwenye mpira, mengi yamebadilika kwa sababu ya mikataba na kadi, ndiyo maana mashabiki wana kinyongo.

Sehemu ya mwisho ni wewe mwenyewe. Wanaochunguza kumbukumbu wanasema mtu mzima hukumbuka zaidi mambo ya miaka ya ujana wake kuliko ya kabla au baada. PES 6 ilikukuta na miaka kama 15. Lakini nakushauri uchambue unachokumbuka. Mimi nilikuwa na banda, nakumbuka vizuri: benchi la mbao, watoto sita kwa pedi mbili, anayefungwa anatoka, mmoja ameshika mia yake ya mechi mpaka imelowa jasho, na umeme ukikatika mkiwa goli moja kila upande, kila mtu anadai alikuwa anashinda. Hiyo haikuwa kwenye CD. Dodoma ya benchi lile nayo haipo. Nenda Majengo leo utafute banda letu uone kama hujaoneshwa duka la simu. Hata ukinunua PS5 tatu, benchi haliji kwenye boksi.

Sasa ufanye nini. PS4 usiuze. Washa ile Game Mode, cheza nje ya mtandao wiki mbili, halafu uamue. Ukiona bado roho haitaki, tafuta diski iliyotumika ya PES 2021 ya PS4. Ndiyo ya mwisho kabla ya eFootball, Master League imo, na mwili wake uko katikati ya ule wa zamani na huu mpya. Kwako wewe naiona ndiyo dawa ya kwanza. Gemu la EA nalo si baya: lina Career Mode, ambayo kwa mtu wa Master League ni ndugu wa karibu, na majina ya timu karibu yote ni ya kweli. Ila usinunue toleo la mwaka huu kwa bei ya dukani. La mwaka jana au juzi lililotumika hushuka bei vibaya sana mara jipya likitoka, na kwa mtu anayecheza peke yake tofauti ni ndogo. Uchezaji wake una ladha nyingine. Kaa kwa rafiki ucheze mechi tatu kabla hujatoa hela.

Kurudi PS2 ni kuzuri kama nyongeza, si kama mbadala. Tatizo ni mji wetu. Vumbi la kiangazi cha Dodoma na ule upepo wa kuanzia Juni huingia kwenye lenzi, na lenzi ya PS2 ikishachoka husoma CD leo, kesho inagoma. Usiisugue kwa dawa ya meno wala pombe ya kienyeji, nimeyaona yote mawili. Mpelekee fundi unayemwamini. Vilevile ukinunua mashine yoyote iliyotumika, iwashe dukani palepale kwa nusu saa nzima gemu likiwa linachezwa: sikiliza feni, jaribu kila kitufe cha pedi, ingia mtandaoni uone mashine haijafungiwa. Anayekuharakisha hapo ana sababu.

Hukuniuliza kuhusu mpwa, lakini nimesoma "kidato cha pili" na "kadi" kwenye barua moja. Kufunga tano huku anachati si ugonjwa, ni majivuno. Ila kama hela zimeanza kutoka kwenye simu ya mtu mzima bila ruhusa, au usiku halali, shule imeshuka, na akiambiwa aache hawezi hata akitaka, hapo mambo yamevuka gemu. Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo hilo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na kwa kawaida huangaliwa kama limedumu mwaka mzima na linaharibu maisha ya mtu. Usimnyang'anye simu ukadhani umemtibu. Ongea naye, kisha mwende kwa mshauri wa shule au daktari. Na hospitali ya Mirembe, ambayo hapa mjini tumezoea kuitania, ndiko waliko wataalamu wa afya ya akili. Kwenda kuuliza hakumfanyi mtu kuwa kichaa.

Halafu ile memori kadi. Kabla hujafanya lolote kati ya haya, iokoe. Kadi za PS2 za MB 8 huhifadhi data kwa chaji ndogondogo ambazo huvuja kadiri miaka inavyopita, na yako ina karibu miaka ishirini. Usiichomeke kwenye PS2 ya kuazima ambayo hujui hali yake, na ikikuuliza kama unataka kuiformati, jibu hapana hata kama inasema haioni kitu. Fundi mwenye PS2 iliyochipiwa anaweza kuhamishia faili lako kwenye flashi kwa dakika chache. Msimu wa tisa, mdogo wangu, sijui Castolo alikuwa bado unaye au ulishamuuza.